Jina la Babake Mama

Mama alisema anataka jina tu. Hakutaka picha, wala shamba huko Ayalandi, wala binamu wa kumpigia simu Krismasi. Ana miaka sabini na kitu, na katika kila fomu aliyojaza maishani, pale palipoulizwa jina la baba, alipiga mstari. "Sitaki kuzikwa na huo mstari," aliniambia, kisha akarudi kwa sufuria yake. Ndivyo nilivyopewa kazi.

Tulichojua kilikuwa kidogo. Kabla ya uhuru cucu, yaani mamake mama, alikuwa yaya katika nyumba ya Wazungu wenye shamba la kahawa Kitisuru. Babake mama alikuwa Mwairishi. Cucu alilisema hilo mara moja tu, mama alipokuwa karibu kuolewa, ili bwana harusi asije akashtuka kwa rangi ya watoto. Jina hakulitaja. Aliulizwa miaka mingi na akajifanya hasikii. Alikufa hivyo hivyo, na nakiri nilimkasirikia hata siku ya mazishi.

Mimi ni karani wa bima, mtu wa mafaili, kwa hivyo nilijiona bingwa. Nilinunua daftari nene, nikachukua likizo ya wiki moja, nikaingia jumba la nyaraka katikati ya mji na kuomba orodha za Wazungu waliokaa upande ule. Nikaletewa vitabu vizito vilivyopangwa kwa majina ya ukoo. Siku tatu nilinakili kila jina lililosikika kuwa la Kiairishi, huku nikipiga chafya kwa vumbi. Siku ya nne daftari lilikuwa limejaa watu, na sikuwa na sababu ya kumchagua hata mmoja wao. Mhudumu wa pale, mama mmoja aliyekuwa amechoka kunibebea vitabu, akaniuliza, "Kwani unatafuta nani?"

"Babake mamangu."

"Na umeanza na Wazungu? Si uanze kwenu kwanza! Nani alizaliwa, alibatizwa wapi, nani alimpatia jina. Huku unakuja mwisho."

Niliudhika, kwa sababu alisema kweli.

Nikaanza upya, parokiani alikobatizwa mama. Kitabu cha ubatizo kilikuwepo: jina la mama, jina la cucu, na mahali pa baba hapakuwa na kitu. Katibu wa ofisi akanionea huruma. Akanielekeza Lavington, kwenye nyumba ya mapadre wastaafu, kwa padre mmoja Mwairishi aliyewahi kuhudumu pale.

Nilimkuta ameketi kwenye veranda na blanketi magotini. Alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kikuyu cha Murang'a, nzito kuliko yangu. Hakumjua cucu, alifika nchini baadaye. Badala yake alianza kunihoji mimi.

"Wewe ni mtoto wa ngapi?"

"Mvulana wa pili, Fatha."

"Na jina lako, nani alichagua?"

Nikamweleza. Kwetu Wagikuyu mvulana wa kwanza hupewa jina la babake baba, wa pili jina la babake mama. Kwa kuwa babake mama hakujulikana, jina la Kikuyu nilipewa la kakake cucu. La ubatizo, mama alitaka la mtume fulani, lakini cucu alikataa katakata, akaenda mwenyewe kwa padre na kuandikisha alilolitaka yeye. Ndilo lililozoeleka hata nyumbani, nasi tulidhani ni la mtakatifu aliyempenda.

Padre alicheka mpaka akakohoa. "Kwetu Ayalandi, zamani ilikuwa hivyo hivyo. Wa kwanza babake baba, wa pili babake mama. Watu wa kwetu wakitafuta ukoo, hilo ni jambo la kwanza wanauliza. Kijana, umetafuta jina wiki nzima na ndilo wanakuita nalo."

Nina miaka hamsini na miwili na aliniita kijana. Sikucheka. Nilimwambia huo si ushahidi kamili, naye akakubali.

Kesho yake nilirudi kwenye vitabu. Sasa nilikuwa na jina la kwanza, mahali na kipindi, na kati ya wote niliowanakili mmoja tu ndiye aliyelingana: fundi wa mitambo ya kahawa, Kitisuru. Hivyo nikapata na jina la ukoo. Bado nataka cheti chake cha kuzaliwa kutoka huko kwao, na nimeshaandika barua ya kukiomba. Lakini cucu hakuwa mtu wa kugombana na bintiye kwa ajili ya mtakatifu.

Jumamosi nikaenda Satellite, anakoishi mama. Mama alikuwa jikoni akimenya viazi. Nilimsomea jina la ukoo kwanza, kwa woga. Akauliza, "Na la kwanza?"

"Ni langu, mama."

Aliendelea kumenya kiazi kile kile hadi kikabaki kidogo kabisa. Halafu akamkasirikia cucu, kwa sauti. "Nilimuuliza mpaka nikachoka! Na yeye amekaa hapo ananisikia nikikuita ukuje kula, kila siku, na hasemi kitu!" Akalia. Mimi sijui kumbembeleza mtu anayelia. Nilichukua kisu nikamalizia viazi.

Kwetu mwanamke humwita "baba" yule mwanawe aliyepewa jina la baba wa huyo mwanamke, tangu akiwa mchanga. Majirani wote walifanya hivyo. Mama alituita kwa majina yetu, na hatukuwahi kujiuliza kwa nini. Tulipomaliza kula aliosha mikono, akanimiminia chai, akanisogezea kikombe.

"Baba," akasema, "kunywa, inapoa."