Washona Magunia wa Kiwanda cha Mapaa

Kiwandani walimwita Shazia, jina la ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na jina likamganda hadi uzeeni. Alikuwa bado msichana alipoingia chumba cha magunia, enzi kiwanda kikitengeneza mabamba ya paa ya asbesto. Wanawake wanne walikung'uta magunia matupu yaliyoletewa asbesto, wakayatia viraka, wakayakunja yarudi bandarini. Vumbi lilikuwa jeupe, laini, likielea kwenye mwanga wa dirisha. Lilipowatulia kichwani walitaniana: "Shoga, leo umezeeka, mvi tupu!"

Mchekeshaji wao alikuwa Chiriku, mdomo wake haukujua likizo. Aliimba, alimwiga msimamizi, sigara ikining'inia mdomoni huku mikono ikishona. Alipoolewa akahamia mji wa bandari, chumba kikapooza. Walipigiana simu kwa miaka michache, kisha nambari zikabadilika, maisha yakawatawanya.

Kiwanda kilifungwa. Wale wawili waliobaki wakatangulia mbele ya haki, wote kwa kifua. Familia ya mmoja ilisema ni moshi wa kuni. Ya mwingine ilinong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Shazia aliwazika, akawalilia. Lakini kila alipopita mbele ya lango lile lililoshika kutu alisikia kama vicheko vinatoka ndani, akazitamani siku zile.

Siku moja binti yake, nesi wa zahanati, akampeleka kwenye mkutano ukumbini. Daktari mmoja mpole alikuwa ametundika ramani ya nchi ukutani, kila wilaya na rangi yake kufuatana na jinsi saratani ya mapafu inavyoua watu wake. Sehemu kubwa ilikuwa njano hafifu. Mji wao ulikuwa mwekundu uliokolea.

"Mbona na kule bandarini pekundu?" Shazia aliuliza. "Hatuna undugu nao, wala hatuli chungu kimoja."

"Ndilo tulilojiuliza, mama," daktari akajibu. "Tukakuta mmevuta vumbi moja. Asbesto ilishushwa kule, ikafanyiwa kazi huku. Si kila aliyeivuta ataugua, lakini akiongeza na sigara hatari inapanda maradufu. Na ugonjwa wenyewe unaweza kujificha miaka na miaka."

Watu wakaanza kuuliza maswali. Shazia hakuyasikia. Macho yake yalikuwa kwenye lile doa jekundu ukingoni mwa bahari, na ndani yake alimwona mtu mmoja tu.

Binti yake alimuulizia Chiriku kwa manesi wenzake wa bandarini, mpaka nambari ikapatikana. Sauti iliyopokea ilikuwa ya kukwaruza.

"Nani? Shazia? Mwanamke wewe, bado u hai!" Kikohozi kikamkata.

"Hicho kikohozi cha tangu lini?"

"Aa, cha sigara hicho. Tumezoeana kama mtu na mumewe."

"Basi kidai talaka. Nakuja kukupeleka hospitali."

Chiriku alicheka, akalalamika, akasema hana muda. Shazia alipanda basi hivyo hivyo. Hospitalini wote wawili walipigwa picha ya kifua. Shazia alikutwa na makovu kwenye mapafu, akaambiwa arudi kuangaliwa kila mwaka. Chiriku alikutwa na uvimbe mdogo wa saratani, bado haujasambaa. Walimpasua wakautoa.

Shazia alimuuguza hadi nyuzi zilipotolewa. Mchana walikaa barazani wakiwataja wenzao waliolala kaburini: nani alikuwa mvivu, nani aliiba usingizi nyuma ya magunia. Walicheka hadi Chiriku akashika ubavu kwa maumivu.

"Hebu niambie kweli," Chiriku akasema, machozi yakimlengalenga. "Ungeweza kurudi siku zile, ungerudi?"

Shazia alifikiri kidogo. "Kwa watu wale, hata sasa hivi. Lakini ningewatoa nje wote kwanza."

Chiriku akamshika mkono, wakakaa hivyo hadi jua likahamia ukuta wa pili.

Hadi leo Chiriku yu hai. Sigara aliiacha kwa matusi mengi, na asubuhi nyingi humpigia mwenzake simu, akaongea mpaka chai ya Shazia ikapoa.