Nilivyooshwa Miguu Benchi Moja na Kaka Niliyemnunia Miaka Sita

Wakuu, salaam kwenu nyote mlipo.

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nilianza kwa kubeba magunia ya mbata bandarini Lindi, shule niliishia darasa la pili, na leo nina duka hapa Mingoyo na lori langu mwenyewe, si la mkopo. Nimeona mengi.

Haya ninayoeleza ni kweli tupu. Mke wangu nimemsomea, hakukanusha neno.

Mwaka huu padri alinichagua niwe mmoja wa wanaume kumi na wawili wa kuoshwa miguu Alhamisi Kuu, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Sikushangaa, mtu kama mimi lazima achaguliwe.

Basi nikajiandaa. Nilisugua miguu kwa jiwe, nikakata kucha, nikapaka mafuta ya nazi mpaka ikawaka. Wenzangu nao walifanya vivyo hivyo. Hakuna aliyetaka padri akute uchafu. Nikifikiri sasa, sijui tulitaka aoshe nini.

Kufika kanisani tupo kumi na mmoja. Mmoja kashikwa na homa. Padri akamwashiria mtu aliyesimama nyuma kabisa aje kujaza nafasi, akaja kukaa kushoto kwangu.

Kaka yangu Damasi.

Huyu ni mkubwa wangu, tumbo moja, analima huko vilimani. Mama yetu alipofariki alizikwa bila mimi kujulishwa, na tangu hapo sikumpa Damasi salamu. Miaka sita. Kitubio nilikuwa naenda kila mwezi, lakini nikijichunguza vizuri, nilikuwa naungama dhambi za Damasi. Zangu sikuziona.

Padri akaniosha mimi, maji yakabaki safi kama yalivyokuja. Akahamia kwa Damasi. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, nyayo zimepasuka, tope jekundu na funza. Padri hakufanya haraka.

Tope lilipotoka, nikaona kidole chake kidogo kimepanda juu ya mwenzake.

Miguu ya mama ilikuwa hivyo hivyo. Mama ambaye sikumuona mara ya mwisho, miguu yake hii hapa ndani ya beseni.

Wakuu, nililia. Mtu mzima, mwenye lori.

Ibada ilipokwisha nikamkuta amekaa kwenye ngazi za kanisa.

"Shikamoo, kaka."

Akaniangalia. "Marahaba. Leo tajiri kapata mdomo."

"Kwa nini hamkuniita kwa mama?"

"Tulimtuma mtu. Alifika dukani kwako, ukamwambia kama umekuja kuomba, kaa nje nimalize kupakia. Akakaa mpaka adhuhuri, akarudi. Nikasema basi, hataki."

Nilimkumbuka yule mtu. Alikuwa amevua kofia.

"Nisamehe, kaka."

"Na mimi ningekuja mwenyewe," akasema. "Nilinuna tu."

Ijumaa Kuu mchana tulikaa uani, mguu wake juu ya paja langu, namtoa funza kwa sindano. Kila nikimchoma ananitukana kwa Kimwera, yale matusi ya utotoni, mke wangu anacheka mpaka anaweka ungo chini. Kuna kitu kilikuwa kimenikaza kifuani miaka yote. Kikalegea taratibu, na si mimi niliyekilegeza.

Nilibatizwa ukubwani, nikadhani kazi imeisha siku ile. Kumbe Mungu alikuwa bado anasubiri nje ya duka.

Jumamosi lori lilikuwa lichukue mbata Mchinga. Nikawaachia wengine, nikampandisha kaka mbele, tukaenda kaburini kwa mama.

Nilichojifunza: ukienda kuungama, ungama yako. Na hasira uliyoilea miaka, ichunguze kwanza, huenda ulianza wewe.

Mwenye ndugu waliyenuniana naye aeleze ilikuwaje. Wa kunikosoa nao waje, ngozi yangu ngumu.

Najua kuna atakayeuliza hasara. Mzigo nilioukosa, dizeli ya kwenda na kurudi, na saruji ya msalaba wa mama: shilingi laki sita na elfu arobaini na tatu na mia sita.