Kichwa cha Baba na Changu

Nyumbani kwetu Merigi, vitu vya baba vilikuwa na mahali pavyo. Kikombe chake cha bati kilikaa peke yake juu ya kabati, karai lake la kuogea liliegemezwa nyuma ya nyumba, na kichana chake alitembea nacho mfukoni kama watu wengine wanavyotembea na kitambulisho. Taulo yake hakuna aliyeigusa. Tulikuwa watoto saba, na katika hao saba hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa magotini pa baba, kubebwa naye wala kupapaswa kichwa. Mama alitubeba, shangazi alitubeba, majirani walitubeba. Baba alitembea hatua tano mbele yetu au hatua tano nyuma.

Nilipokuwa darasa la pili nilijikata mguu kwa jembe tukipalilia mahindi. Jirani ndiye aliyenibeba hadi zahanati, akihema kupanda kile kilima, na baba akaja nyuma ameshika kiatu changu. Nilimtazama juu ya bega la yule jirani nikamchukia. Sisemi nilikasirika. Nilimchukia, na chuki hiyo niliilea vizuri, nikaenda nayo sekondari, nikaenda nayo chuo.

Watu walikuwa na maelezo yao. Baba hakuvua kofia. Huku kwetu baridi ya asubuhi haina mchezo, na kila mwanamume ana mavin yake, kofia ya sufu ya kufunika masikio, kwa hiyo shambani hakuna aliyeuliza. Lakini kanisani mwanamume huvua kofia mlangoni, na baba, badala ya kuvua, aliketi nje kwenye benchi chini ya dirisha akisikiliza mahubiri kutoka huko. Wakasema amerudi nyuma kiimani. Wengine wakasema ni kiburi cha mtu mwenye chai nyingi, ingawa chai yenyewe ilikuwa ekari moja na nusu. Mama alikuwa kiongozi wa akina mama, akaambiwa kwa upole apumzike kidogo mpaka nyumba yake itengemae. Alipumzika miaka kumi na miwili na hakujitetea.

Sasa nije kwa kichwa changu. Nina duka la dawa za mifugo Sotik, na kwa kazi hiyo watu wamenizoesha kujiona najua. Mtu anaingia na kunieleza ng'ombe wake anavyokohoa, nami namtajia dawa kabla hajamaliza. Binti yangu wa kwanza alikuwa na miezi minne nilipougua koo, likavimba wiki mbili nzima. Koo likapona, na kichwa kikaanza. Kwanza ilikuwa mba, au niliita mba. Unga mweupe ulikuwa ukinidondokea mabegani juu ya koti langu la dukani la buluu, hata mteja mmoja, mzee wa maziwa, akanitania, "Madam, kwani umetoka posho mill?"

Nilicheka naye. Baada ya mwezi sikuwa nacheka. Magamba yalikuwa manene, ya rangi ya fedha, yameshikana na nywele, yakashuka hadi kwenye paji na nyuma ya masikio. Chini yake ngozi ilikuwa imeiva rangi ya zambarau, si nyekundu kama zile picha za kwenye simu, ndiyo maana nilipotafuta huko sikujiona. Yaliwasha. Nilijikuna hadi damu ikatoka, na kila nilipojikuna yakaongezeka.

Nilienda saluni, nikidhani kichwa kikioshwa vizuri mambo yatakwisha. Msusi alifungua kilemba, akakirudisha polepole kama mtu anayefunika sufuria.

"Dada, pole sana," akasema. "Lakini hii siwezi shika. Niko na customers wengine, na ukiangalia vizuri, hii ni choa."

Choa. Basi hapo nikafurahi, maana choa naijua. Ndama wakipata choa, wenye ndama huja kwangu, nami nawauzia iodini, na ndama wanapona. Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini mimi wahenga sikuwaita. Asubuhi iliyofuata nilifunga mlango wa duka nikajipaka ile iodini ya ndama kichwa kizima. Kufikia saa nne nilikuwa nimeinama chini ya bomba nyuma ya duka, maji yakinimwagikia, nikilia, huku mteja akigonga mlango anataka chumvi ya ng'ombe.

Lakini kichwa sicho kilichoniumiza zaidi. Binti yangu alikuwa ameanza kutambaa, mikono haitulii, na kitu alichokipenda kuliko vyote duniani ni kuvuta kilemba changu na kutia pindo mdomoni. Nikaanza kumkwepa. Nikamnunulia karai lake na taulo yake. Nikamwambia dada wa kazi ndiye atakuwa anambeba, mimi nina kazi nyingi. Mume wangu, mtu mpole kupita kiasi, aliuliza mara moja tu kama nimekosana na mtoto. Nikamjibu vibaya. Halafu siku moja mtoto akaja kwangu sakafuni, akainua mikono yote miwili, nami nikarudi nyuma. Nilihesabu hatua zangu bila kutaka. Zilikuwa hatua za nyumbani kwetu, na ziliniogopesha kuliko ugonjwa.

Ndipo nikaenda kwa daktari wa ngozi, anayekuja kliniki moja mjini siku moja kwa wiki. Alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa ziwa, mwenye sauti ya kusikika hadi foleni.

"Nani alikuambia hii ni choa?" akauliza.

"Mimi mwenyewe."

"Na wewe ni daktari wa nini?"

"Wa ng'ombe. Kidogo."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, akanishika kichwa kwa vidole vyake vitupu, bila glavu, akikigeuza polepole kwenye mwanga wa dirisha. Miezi mingi hakuna mtu aliyekuwa amenigusa pale. Nilifumba macho.

Aliuita soriasisi. Akaniambia niwaze shamba la chai. Ngozi nayo ina zamu zake: chipukizi linatoka chini, linapanda, linakomaa, linaanguka, na safari hiyo huchukua kama mwezi. Kwangu askari wa mwili wamepiga king'ora na mwizi hayupo, basi ngozi inaharakisha, inamaliza safari kwa siku chache, na majani yanarundikana kabla ya kuchumwa. Hayo ndiyo magamba. Asili yake iko kwenye damu, mtu huzaliwa na uwezekano huo, halafu kitu kinakuja kuuamsha: ugonjwa wa koo kama wangu, mawazo mengi, baridi kavu, pombe, dawa nyingine, au ngozi kujeruhiwa. Kujikuna ni kujeruhi. Iodini ya ndama pia, akasema akinitazama juu ya miwani.

"Leta mikono," akasema.

Nikampa. Aliangalia kucha zangu moja moja. Zilikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama mtu aliyezidonoa kwa ncha ya sindano. Sikuwa nimeviona, au niliviona nikadhani ni kazi.

"Nyumbani kwenu nani ana kucha kama hizi?"

"Hakuna," nikasema. Nilitaka kusema tena hakuna, nikaona akilini mkono umeshika kikombe cha bati. Kucha zimedonolewa zote, nene, za manjano ukingoni. Sisi tulisema ni chai na jembe vilivyomfanya hivyo. Nikaona na kofia.

"Ni baba," nikasema.

"Vidole vyake vinamuuma asubuhi?"

Nikakumbuka mama akimfunga vifungo vya shati. Tulidhani ni mapenzi, na labda yalikuwa hayo pia. Daktari akaandika kitu. Ugonjwa huu wakati mwingine huingia kwenye viungo, akaniambia, na viungo havingoji. Huyo mzee aletwe haraka.

Nikauliza swali lililonileta. Nilikuwa naogopa kulitamka. "Naweza kumwambukiza mtoto?"

"Kwa kumbeba?"

"Kwa kumbeba. Kwa taulo. Kwa kichana."

"Hapana," akasema. "Hata ulale naye kichwa kwa kichwa. Anaweza kuurithi, hiyo siwezi kukuficha, na kwa wengi wanaorithi haujitokezi. Lakini kwa mkono hauendi. Nenda ukambebe mtoto wako."

Nililia mbele ya mgeni, nikaona aibu, nikaendelea kulia. Alinisukumia tishu huku akiandika dawa.

Matibabu yalihitaji subira, na mimi subira si mali yangu. Kwanza kulainisha magamba kwa mafuta, na hapo nilipata heshima kidogo, kwani alisema hata mafuta ya kukamulia ng'ombe, yale ya kawaida yasiyotiwa dawa, yanafaa kwa kazi hiyo. Halafu marhamu ya kuyaachisha ngozi, bila kuyabandua kwa kucha. Halafu shampuu ya lami, ambayo harufu yake ilimfanya mume wangu aulize kama serikali imeleta barabara chumbani. Na dawa ya maji ya kutuliza uvimbe, ya wiki chache kisha kupunguza, si ya kupaka mwaka mzima, maana hunyausha ngozi. Nisisuke nywele za kubana. Ikishindikana kuna matibabu ya mwanga, kuna vidonge na sindano, lakini hivyo vinataka kupimwa damu. Na haponi mtu moja kwa moja. Ugonjwa hutulia, hurudi, unaizoea tabia yake. Wiki ya tano magamba yakawa mepesi. Wiki ya tisa yakarudi nyuma ya sikio moja, nikatukana, nikaanza tena.

Mtoto nilimbeba siku ileile niliyotoka kliniki. Alivuta kilemba kikatoka, akatazama kichwa changu, akanipiga kofi la mapenzi katikati ya magamba.

Kisha nikaenda Merigi. Mzee wa Kipsigis, binti yake hawezi kumwendea akamwambia habari za kichwa chake, kwa hiyo nilianzia kwa mama. Alikuwa akichambua maharagwe. Siri ya mtungi aijuaye kata, nami nilijua kata ilikuwa hii.

"Alipokuwa kijana aliambiwa na dresa, mfunga vidonda wa zahanati, kwamba ni choa sugu," mama akasema, bila kuinua macho. "Akaambiwa akizaa, watoto wote watashika, wanyonyoke nywele, wafukuzwe shule. Hata yule wa kwanza hakuwa amezaliwa."

"Na wewe mbona hukushika?"

"Hivyo ndivyo nilimwambia. Akasema mimi ni mtu mzima, ngozi yangu imekomaa."

"Mama, kanisa lilikuvua kazi yako. Ungesema neno moja tu."

"Kichwa ni chake," akasema. "Hakikuwa changu cha kutangaza."

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Nikatoka nje. Baba alikuwa ameketi kwenye kigogo kando ya chai, akirekebisha mkanda wa kikapu kwa vidole visivyokunjika vizuri. Nilimsalimu, nikaketi chini mbele yake, na kwa kuwa sikupata maneno ya heshima ya kusema jambo hilo, nilifungua kilemba tu, nikainamisha kichwa aone.

Kazi ya mikono ikasimama. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekamatwa, na naiandika hapa kwa Kiswahili ingawa alisema kwa lugha yetu.

"Nilijichunga," akasema. "Nilijichunga sana. Ulishikia wapi?"

Sikuwa nimewahi kumsikia baba akijitetea kwa mtu yeyote. Nikamweleza yote, taratibu, kama daktari alivyonieleza: king'ora, chipukizi, koo, kucha. Nikamwambia si choa na haijawahi kuwa choa. Nikamwambia kuna dawa, na kuna daktari anayemsubiri kwa ajili ya vidole.

"Haishiki kwa kikombe?"

"Haishiki, baba."

"Hata kichana?"

"Hata kichana. Inakuja na damu tu, kama umbo la pua. Hungeweza kuizuia."

Alilifikiria hilo la damu, na nikaona limemchoma, nikajuta kulisema wazi hivyo. Lakini hakukaa hapo. Alikuwa anaelekea swali lingine, na alilifikia polepole, akitazama mikono yake.

"Na kubeba?"

"Kubeba hakuna neno, baba. Hakujawahi kuwa na neno."

Alivuta pumzi. Aliuweka mkanda chini. Kisha akataja majina yetu, kuanzia wa kwanza hadi kitinda mimba, yote saba, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeita watoto waje kula.

"Kumbe ningewabeba," akasema. "Wote."

Nina miaka thelathini na sita, nina mume, nina mtoto na duka, na pale chini mbele ya baba yangu nilitaka kitu kimoja tu, nibebwe.