Chumba cha Kaka Yangu

Kwa wiki sita sikulala vizuri kwa sababu ya swali moja: nimwambie mama kabla ya kuhamia nyumba mpya, au baada ya kuhama? Nikimwambia kabla, hatahama. Nikimwambia baada, ataingia nyumba yake huku mimi nimesimama kando na siri mdomoni. Nisipomwambia kabisa, ataendelea kumngoja mtu ambaye amekwisha kuzikwa. Nilichukua karatasi, nikachora mstari katikati, sababu za kusema upande huu, sababu za kunyamaza upande ule. Nikaichana vipande vidogo nikiogopa ataikuta, kisha nikaogopa ataviona vile vipande na kuuliza ni vya nini.

Mama ana watoto wawili. Kaka yangu ndiye wa kwanza, mimi ndiye wa mwisho. Tulipokimbia vita kule Kivu, mimi nilikuwa mgongoni na sikumbuki chochote. Yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa amekwisha kufa. Mama alimwambia kaka atangulie na majirani, kwa kuwa walikuwa wanatembea haraka, sisi tungewakuta kwenye kivuko. Wao wakapita, njia ikafungwa nyuma yao. Sisi tukazunguka milimani, tukaishia Uganda, tukaishia Nateete, mtaa wa Kampala, katika chumba cha kupanga nyuma ya soko, na mama akaanza kuuza vitenge. Neno "tangulia" halitoki kinywani mwake. Akitaka nipite mlangoni kabla yake, husema "pita".

Nyumba aliijenga nje ya Kampala, ndani kidogo kutoka barabara ya Mityana, kwenye kibanja kilichozungukwa na migomba ya watu wengine. Alijenga kama wanavyojenga wanawake wa sokoni: msingi, halafu kimya kirefu, halafu kuta, halafu kimya kingine, halafu mabati. Fundi alimshauri kwamba kwa watu wawili vyumba viwili vya kulala vinatosha, ukumbi uwe mpana. Mama akamjibu kwamba kazi yake ni kuhesabu matofali, watoto atawahesabu mwenyewe. Chumba cha tatu kikajengwa. Ndicho chenye dirisha kubwa kuliko yote.

Habari nilizipata kazini. Tangu nimalize chuo nafanya kazi kwenye kibanda cha fotokopi karibu na Chuo Kikuu cha Kyambogo, huku nikituma maombi ya kazi ambayo hayajibiwi. Siku moja akaja mwanaume wa kwetu, mgeni mjini, anataka kutoa nakala za karatasi zake za ukimbizi. Alinitazama mpaka nikadhani nimekosea kuweka karatasi. Akaniambia nina sura ya mtu anayemfahamu. Alipotaja jina la huyo mtu, mashine iliendelea kutoa nakala na mimi sikuizima.

Alikuwa amekaa na kaka yangu miaka mingi kwenye kijiji kimoja. Kaka alikuwa seremala. Homa ilimchukua msimu wa mvua uliopita, watu wa kanisa wakamzika. Mimi ni mtu wa kushuku, kwa hiyo nikamhoji kama polisi. Kabla sijauliza habari ya sikio alishika sikio lake la kushoto, akasema lilikuwa limechanika hapa, mbuzi alimfanyia hivyo utotoni. Mama hunisimulia juu ya mbuzi huyo. Kisha akatafuta picha kwenye simu yake: harusi ya mtu, na pembeni mwanaume mwenye shati jeupe linalompwaya, amebeba benchi begani, anacheka. Ilikuwa kama kujitazama mwenyewe nikiwa nimechoka zaidi. Ndiyo picha pekee ya kaka yangu niliyowahi kuiona. Nikamwomba anitumie kwenye simu yangu.

Nilimuuliza kwa nini kaka hakututafuta. Akasema aliambiwa zamani kwamba sisi tulifia njiani.

Siku chache baadaye mama aliniomba nimsindikize kununua neti ya mbu kwa kitanda cha chumba cha tatu. Nilimsindikiza. Nilisaidia hata kuchagua rangi.

Tulihama Jumatatu. Sakafu bado ilikuwa na baridi ya saruji mbichi, na milango ilikuwa imevimba kwa mvua, kila mmoja ulifunguliwa kwa bega. Baada ya kelele za Nateete, ukimya wa pale ulinitia wasiwasi. Nilikuwa natoka nje kuangalia kama kuna kitu kimeharibika. Mama hakupunguza sauti yake ya sokoni. Siku ya pili aliwafokea kuku wa jirani waliokuwa wanachakura udongo wa maua yake, na jirani mwenyewe, bibi mmoja wa Kiganda, akaja mbio akiwa ameshika kifua.

"Nnyabo," akamwita mama kwa heshima ya Kiganda, "mimi nimesikia Kiswahili, ile ya askari wa zamani, nimejua majeshi wamerudi. Nilikuwa naingia chini ya kitanda."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia bibi hao kuku wake ndio waasi, wamevamia shamba la watu. Bibi akajibu kwamba kuku wa Uganda hawajui amri za Kiswahili, wafokewe Kiganda. Wakawa marafiki papo hapo. Bibi akarudi na machipukizi ya migomba, akauliza watoto ni wangapi. Mama akasema wawili, mmoja ni huyu, mmoja yuko njiani. Bibi akalitazama tumbo la mama, mwanamke mwenye mvi, akaangua kicheko. Mama naye akacheka. Mimi niliingia ndani nikajifanya natafuta jembe.

Alhamisi mama alinieleza mpango wa Jumamosi. Wanawake wa kwaya yetu, karibu wote ni watu wa Kivu, wana namna yao ya kufungua nyumba. Hawaingii tu na kuomba. Kila chumba kinafungwa mlango na mwenye chumba anasimama ndani. Wao wanakuja wakiimba, wanabisha hodi, naye anatakiwa ajibu "karibuni" kwa sauti, afungue kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo wanamwombea. Wanasema chumba kilichojibu hodi kimepata mtu. Nilikuwa nimewaona wakifanya hivyo kwa wengine, na siku zote nilipenda ile sauti inayotoka nyuma ya mlango.

"Wewe utafungua chumba yako," mama alisema. "Halafu utapita haraka kwa dirisha, utafungua na ya kaka yako. Utajibu kwa jina yake. Wote wanajua, hawatashangaa. Nyinyi ni damu moja."

Nilimuuliza kama haiwezekani kile chumba kiachwe kwanza. Aliniuliza kiachwe kwa nini. Nikasema nilikuwa nauliza tu. Usiku huo nilitunga hotuba nne, zote zilianza na neno "mama" na zote zilikwama hapo. Nilifikiria kumwita mchungaji aseme yeye. Nilifikiria kuugua Jumamosi. Nilifikiria kwamba huenda yule mtu alikosea, kuna masikio mengi yaliyochanika duniani, halafu nikaikumbuka ile picha nikajionea aibu.

Ijumaa mchana mama alitaka tufanye mazoezi. Alikuwa amevaa kitenge cha kazini, mikono ina unga. Alinisukuma ndani ya chumba cha kaka, akafunga mlango kwa bega, nikamsikia anarudi nyuma hatua chache ukumbini, anaanza wimbo wa kwaya peke yake kwa sauti ya chini. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Neti ilikuwa imefungwa fundo zuri juu yake. Wimbo ukafika mlangoni ukanyamaza.

"Hodi, baba," akasema. Wanawake wa kwetu huwaita hivyo watoto wao wa kiume, mimi pia huniita hivyo. Lakini alivyolisema siku ile sikuwahi kumsikia akilisema kabla. Hakuwa anafanya mazoezi.

Nilishika fundo la neti.

"Hodi," akarudia, kisha akacheka. "Mtoto gani huyu amelala kwa kazi?"

Nilielewa kwamba nikisema "karibu" mara moja tu, nitakuwa nimemfanyia kitu ambacho sitaweza kukirudisha. Hotuba zote nne zilikuwa zimekwisha kichwani. Nikauvuta mlango, ukagoma, nikauvuta tena.

"Mama, kaka amefariki."

Alibaki pale pale na mikono yake yenye unga ameiinua, kana kwamba alikuwa anaogopa kuchafua kitu. Nilimweleza yote nikiwa bado nimesimama mlangoni: yule mwanaume, sikio, picha, useremala, homa, watu wa kanisa. Hakupiga kelele. Aliuliza kama walimweka kwenye sanduku au kwenye mkeka. Nikasema sanduku, wenzake wa kazi walilitengeneza. Akatikisa kichwa taratibu, mara kadhaa. Akaomba kuiona picha, akaiangalia muda mrefu bila kuishika simu. Akasema shati ni kubwa, hakuna aliyempunguzia.

"Alijua sisi tuko hai?"

Hilo ndilo nililoliogopa kuliko yote. Nilikuwa nimeandaa jibu laini. Sikulitumia.

"Hapana, mama. Aliambiwa tulikufa njiani."

Alikaa chini, pale pale kwenye saruji. "Basi hakukaa akiningoja kwa kivuko," akasema. Ndipo alipoanza kulia.

Baada ya muda mrefu aliniuliza nimejua tangu lini. Ningeweza kusema jana. Angeamini, hajawahi kunishika kwa uongo. Nikasema wiki sita.

Nilimwona anahesabu kurudi nyuma. "Neti tulinunua pamoja," akasema.

"Ndiyo."

Hakunitukana. Aligeuza uso ukutani, na hiyo iliniuma kuliko tusi. Nilikaa naye sakafuni, mbali kidogo, kwa kuwa sikujua kama bado nina ruhusa ya kumgusa. Jua lilikuwa limeanza kushuka kwenye migomba ya bibi aliposema tena, bila kunitazama: "Waambie waje kesho. Waje na mikeka. Mimi siwezi kulia peke yangu huku, hawa majirani hawajui kilio yetu."

Mtandao pale kwetu unapatikana tu juu ya kichuguu kando ya barabara. Nilipanda na simu yangu. Nilianza na kiongozi wa kwaya. Akapokea akicheka, akauliza kama tumeshachemsha maharage ya kesho. Nikataja jina la kaka yangu, lote, kisha nikamwambia amefariki, na kwamba kesho tunakaa matanga nyumbani kwetu.