Waliokubali Maji

Kabla sijawa mnunuzi wa vitambaa hapa Guangzhou nilikuwa mwalimu wa historia katika mji mdogo wa milimani, Kivu ya Kusini, na Jumanne ile nilifundisha somo nililolipenda kuliko yote: jinsi wapagani wa Ulaya walivyokuwa Wakristo. Wanafunzi arobaini na kitu, kitabu kimoja, nacho changu. Nilikuwa mwalimu mzuri, nasema bila haya. Niliwaeleza habari za mmisionari aliyeuangusha mwaloni uliokuwa ukiabudiwa, watu wakasubiri radi impige, radi isije. Nikawaeleza habari za mfalme wa Wafaranki aliyepigana na Wasaksoni mwaka hadi mwaka, kisha akawapeleka mtoni makundi kwa makundi wabatizwe, na anayekataa auawe. Wanafunzi walibaki midomo wazi. Walidhani Wazungu walizaliwa na misalaba shingoni.

"Waliokubali waliishi," niliwaambia nikifunga kitabu, kengele inalia. "Wajukuu wao wakawa maaskofu."

Nikaenda nyumbani kutwanga sombe, majani ya muhogo. Mume wangu alikuwa katekista wa parokia. Mtaani walimwita Baba Aline, kwa jina la binti yetu wa miaka sita, nami nikawa Mama Aline. Alikuwa mtu mpole mwenye ubishi wa kimyakimya, ule ambao hauushindi kwa maneno kwa sababu mwenyewe hajibu. Nilimsimulia somo langu, kama nilivyozoea, yeye akipigilia misumari kwenye benchi la kanisa.

"Mama Aline," akacheka, "wewe utamfundisha hata askofu."

"Na atafaulu," nikamjibu.

Alhamisi vijana wa msituni waliingia mjini. Askari wa serikali walikuwa wameshaondoka, bila hata kuaga. Vijana hawa walikuwa na imani yao: mtu akinyunyiziwa maji yenye dawa, risasi ikimfikia inageuka maji. Dawa hiyo ilikuwa na miiko. Usiibe. Usisalimiane kwa mkono. Na mkubwa kuliko yote, usiguswe na mwanamke, maana mkono wa mwanamke unaiharibu dawa, na aliyeharibu dawa anawaua wenzake. Miiko hii tuliijua sote. Tuliichukulia kama dini tu, mambo ya kuchekea jikoni.

Walitukusanya wote, wakatupeleka mtoni.

Wanaume mbele, wanawake na watoto nyuma yao. Daktari wao, mwenye dawa, alikuwa kijana mwenye miwani ya jua, ana beseni la plastiki la bluu na fungu la majani. Kamanda alisema maneno machache. Kila mwanaume atapokea maji. Asiyepokea ni adui.

Wa kwanza kukataa alikuwa fundi baiskeli, mlokole. Walimpeleka nyuma ya mianzi.

Tulisikia mlio mmoja.

Baba Aline alikuwa wa nne kwenye mstari, hatua mbili kutoka nilipokuwa. Niliuona mgongo wake ukinyooka. Namjua mume wangu. Nikajua atakataa.

"Baba Aline," nikanong'ona. "Kubali."

"Ile maji si ya kwetu."

"Kubali kwa midomo. Moyo wako nani atauona? Wasaksoni wote waliingia mtoni hivyo hivyo."

Hakugeuka. "Bon. Wewe ndiye mwalimu. Wale walikubali, ikawa nini kwao?"

"Waliishi," nikasema, kwa uhakika uleule wa mbele ya ubao.

Aline alikuwa ameng'ang'ania kitenge changu. Baba yake akamtazama mara moja, kisha akaingia majini.

Walimnyunyizia mara tatu. Alipotoka, shati limemganda mwilini, nilimshukuru Mungu waziwazi, wala sikujali ni Mungu wa nani anayesikia. Nikanyoosha mkono nimshike.

Akaruka nyuma.

"Usiniguse! Wataniua."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa kwa mkupuo mmoja. Mwiko ule haukuwa wa watu wanaosali. Ulikuwa wa watu wanaokwenda vitani. Pale mtoni walikuwa wakiandikisha jeshi, na mimi ndiye niliyemsukuma mume wangu kwenye daftari lao.

Waliwapanga kando ya daraja. Bunduki zilikuwa chache, waliobaki wakapewa mapanga. Baba Aline alipewa panga, akalishika vibaya, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani.

"Nenda kwa dada yangu, ng'ambo ya mpaka," akaniambia kutoka mbali, kwa sauti ya kawaida, utadhani ananituma sokoni. "Leo hii. Usingoje."

Familia za waliopokea maji waliziacha zipite. Za waliokataa hazikupita.

Tulivuka mpaka siku ya nne. Yeye aliuawa siku ya kumi na moja. Kijana mmoja wa mtaa wetu aliyetoroka vitani ndiye aliyetuletea habari. Alisema risasi zilipoanza wenzake wote walisimama wima, kwa sababu waliamini. Baba Aline peke yake alilala chini. Nilimwamini kijana yule, maana huyo hasa ndiye mume wangu. Risasi ilimpata hapohapo alipolala.

Miaka imepita. Nilianza na doti mbili za vitenge begani, leo nafunga marobota soko la vitambaa la Zhongda, na wenye maduka wananijua. Laoban, yaani bosi wa duka, akiniambia "mei you", hakuna, mimi navuta kiti nakaa, na baada ya chai mbili kitambaa kinapatikana. Aline ni muuguzi. Sijashindwa na maisha, wala sitaki pole za mtu.

Lakini mwaka huu Wakongomani tunaokutana Jumapili kwenye ghorofa moja kule Sanyuanli waliniomba niwafundishe historia ya Kanisa. Nikakubali upesi, sifa hizo. Nikatafuta kitabu nijiandae, nikafika kwa Wasaksoni, na kwa mara ya kwanza nikasoma mpaka mwisho wa sura. Imeandikwa wazi. Mfalme aliyewabatiza aliwataka askari, na walipokwisha kukauka nguo aliwapeleka kupigana na majirani zao waliokuwa bado wapagani. Miaka tisa nililifundisha somo lile, na kila mara nikifika kwa maaskofu kengele inalia.

Nilimsimulia Bi Zainabu. Huyu ni Mzanzibari, anapeleka mitandio kwao, na kontena tunachangia. Tulikuwa stoo tunakunja vitambaa. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Maskini wee," akasema. "Na wewe umekaa na kitu hiki roho yako peke yako? Haya, niambie. Ungelijua kuwa watamtia vitani, ungelimwambia akatae?"

Nilikuwa na jibu. Nimelipima miaka yote hii, na lina uzito uleule kila nikilipima. Angekataa, angekufa palepale nyuma ya mianzi, Aline anasikia, na mimi na Aline tusingepita darajani. Kukubali kwake kulitupa barabara. Ndani ya zile siku kumi na moja alizoishi ndipo tulipovuka.

"Ningemwambia akubali," nikasema. "Tena kwa sauti kubwa zaidi."

"Basi usijilaumu, mwalimu."

"Kwa hilo sijilaumu."

Akanitazama, akaacha kukunja. "Kwa lipi, basi?"

Nikamwambia. Kabla hajaingia majini mume wangu alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu, na mwiko ulikuwa bado haujamshika. Ningeweza kumshika mkono. Nafasi ile yote niliitumia kufundisha.