Kaka Yangu Alipotengwa

Redio ikisema uhalifu umepungua nchini, mimi huizima. Kijijini kwetu, njia ya kwenda Usinge, wizi wa ng'ombe ulipungua kweli, lakini najua tulilipia nini.

Sheria ya sungusungu, walinzi wetu wa jadi, ni fupi: yowe likipigwa, kila mwanamume atoke na upinde wake. Asiyetoka ndiye mwizi, au anamjua mwizi. Alfajiri ng'ombe wa jirani walipoibwa, kaka alikuwa hoi kwa malaria, blanketi mpaka kichwani. Hakusikia yowe. Walimfunga kamba wakampeleka polisi, na mimi nikashukuru, maana wangeweza kumuua kwa fimbo.

Kesi ilisikilizwa Tabora mjini. Mimi ninayeishi Itetemia, hukohuko mjini, ndiye niliyekuwa nikihudhuria. Leo shahidi hayupo, kesho mpelelezi kahamishwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la mahabusu huumia zaidi. Hakuna sungusungu hata mmoja aliyekuja kutoa ushahidi. Wao walishahukumu, waje kufanya nini? Mwishowe hakimu akamwachia huru.

Nilimrudisha nyumbani nikidhani yamekwisha. Kamanda wa sungusungu akatukuta njiani, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akajibu kwa upole. "Mahakama ya mjini imemaliza ya kwake. Huyu tumemtenga. Atakayempa mkono, moto au maji, naye tutamtenga."

Mtu kashinda kesi, lakini hana wa kumjulia hali. Na mama yetu ni mjane, macho yake hayaoni vizuri. Majirani ndio wanaomlimia na kumchotea maji. Akitengwa yeye, ataishije?

Jumapili tulikwenda kanisani, mama akakaa katikati yetu. Padri alipotualika tutakiane amani, watu walipeana mikono huku wakimruka kaka. Mama akamgeukia, akamnyooshea mkono wake, kamanda akiwa benchi la nyuma yetu. Nilitaka kaka aupokee, na niliogopa aupokee.

Kaka aliutazama. Kisha akafumbata mikono yake kifuani, akainamisha kichwa.

"Mama, rudisha mkono," akanong'ona. "Wanakuona."

Hakuurudisha. Nikaushika mimi, ingawa haukunyooshwa kwangu.