Mkono wa Kushoto wa Mwanamieleka

Mara ya kwanza kuuona mgongo wake nilidhani mtu huyu aliwahi kuburutwa na gari. Tulikuwa stoo asubuhi, tunabadilisha mashati ya kazi, naye kanipa mgongo, na mgongo wenyewe, subhanallah, haukuwa na pa kuweka kidole bila kugusa kovu. Marefu, mafupi, mengine yamepandana, mengine yameshazeeka na kuwa meupe. Mtu mwenye adabu angetazama pembeni. Mimi nilimuuliza.

"Mzee, umepatwa na nini?"

Akachukua tyubu moja ya taa iliyoegemezwa ukutani, akanionyesha. "Hizi," akasema, akairudisha mahali pake polepole, akavaa shati.

Sasa mniambie, mtu anaachwaje na jibu kama hilo? Kazi yetu ilikuwa kuzitoa tyubu hizo hizo kwenye dari za jengo moja la maofisi hapa Plano, Texas, ghorofa baada ya ghorofa, tuweke taa mpya za kisasa. Zile za zamani zina zebaki ndani, hazitakiwi kuvunjika. Mimi nilikuwa nikizishika kama mtu anayebeba miwa, na supavaiza akinipigia kelele kila siku. Yeye Mzee alizibeba kama mayai yanayoatamiwa. Tangu tuanze hakuwa amevunja hata moja. Halafu aniambie kwamba ndizo zilizomchana mgongo!

Alikuwa Mjapani wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mpana kama kabati, na paji la uso lina mifereji. Neno "Mzee" nilimpa mimi, akalipenda, akawa anaitika. Kiingereza chake kilikuwa cha kuhesabika, changu cha Mombasa, lakini tulielewana, maana sote wawili ni watu wa wali. Mimi na hotipoti langu la wali wa nazi, yeye na kijisanduku chake cha wali na samaki wa kukaanga, tunakaa juu ya ndoo za rangi zilizopinduliwa, namtoa habari kidogo kidogo. Mke wangu aliniambia, "Wewe mwanamume, pilipili usizozila zakuwashiani?" Nikamwambia zinaniwasha hivyo hivyo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Aliondoka kwao akiwa na miaka kumi na tisa kwenda kujifunza mieleka. Miaka miwili ya mwanzo hakupigana na mtu. Aliwafulia wakubwa nguo, akawapikia sufuria moja kubwa la nyama na kabichi, akapiga deki ulingo. Alipomaliza kufunzwa akaambiwa ni mfupi, televisheni haimtaki. Basi akaenda kule ambako wengine hawakutaka kwenda: mieleka migumu, ambapo badala ya kamba ulingo unazungushwa seng'enge, ambapo mtu anatupwa juu ya ubao wenye misumari, ambapo tyubu za taa zinafungwa pamoja kama kuni na mtu anaangushwa juu yake. Alipigana kwenye kumbi za shule na kwenye maegesho ya magari. Mara moja walipigana katikati ya soko la samaki, na wauzaji hawakuacha kuuza. Texas alikuja kwa miezi mitatu tu, akavunjika mguu Fort Worth, na mguu ulipopona akawa ameshazoea. Tangu hapo, Jumamosi anavuja damu kwenye godauni fulani la Dallas au Houston, Jumatatu yuko juu ya ngazi pamoja nami.

"Lakini ni uongo ule, au sivyo?" nikamuuliza siku moja. "Sisi tukitazama utotoni, tunakesha kubishana, baadaye tunaambiwa walikuwa wamepatana."

Aliweka kijiko chini. "Mshindi tunapatana," akasema. "Damu hatupatani nayo."

"Inauma?"

"Sana."

"Sasa kwa nini, Mzee?"

Alicheka kwanza. Kisha akanieleza jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu wa kazi ile. Alisema yule anayekupiga ndiye anayekulinda. Anachagua pale mgongo ulipo mpana, anakwepa shingo, anakwepa macho, na akikuinua juu, roho yako yote iko mikononi mwake. Watu wanaona maadui. Wao wawili muda wote wanaulizana hali. Akanishika mkono, akaniminya kidogo. "Hivi. Namuuliza: uko sawa? Akiminya, yuko sawa. Asipominya, nasimamisha kila kitu." Alisema katika miaka yote ile hajapata kumwangusha mtu vibaya, na alilisema hilo kwa fahari kuliko habari za soko la samaki. 

Halafu akaja na habari ya mwenzake. Kuna mwanamieleka mmoja wa kwao ambaye wamepigana wao kwa wao karibu miaka thelathini, kwanza huko kwao, kisha hapa kila alipoalikwa, wakachanana, wakashonwa kwenye vitanda jirani. Huyo alikuwa anastaafu, na aliomba pambano lake la mwisho liwe na Mzee na si mwingine. Lingefanyika Houston, Jumamosi alasiri. Mzee aliniomba nimpeleke na nikae kwenye kona yake, nimshikie taulo. Nilifurahi kama niliyealikwa harusini kwa mfalme. Nikampigia simu kila mtu ninayemjua.

Wiki mbili kabla ya safari, tukiwa ghorofa ya saba, tyubu ilimponyoka mkono wa kushoto. Ilianguka, ikapasuka, paa! Watu wa ofisini wakatoka mbio. Yeye alibaki juu ya ngazi akiutazama mkono wake, wala si vigae vya kioo. Nikafagia haraka kabla supavaiza hajafika, nikasema ni mimi, na kila mtu akaamini papo hapo. Lakini lilinikaa moyoni. Mchana ule, nikimpokeza chupa ya maji, niliushika ule mkono wa kushoto nikauminya, vile alivyonifundisha. Hakuminya. Nikauminya kwa nguvu. Aliendelea kuongea habari za mwenzake, hata hakujua kwamba nimemshika.

Nilijua hapo hapo maana yake. Mtu mzima mwenye kilo zake angeinuliwa juu ya vioo na mkono usiosikia. Akiumia na kuomba msaada kwa vidole, hakuna wa kupokea. Mzee angemvunja shingo rafiki yake wa miaka thelathini mbele ya watu, na hilo lingemuua yeye kabla ya lolote lingine. Nilijua yote hayo na sikusema neno. Mimi, mwenye mdomo usiofungwa kwa kufuli! Niliogopa kumnyang'anya jambo moja alilokuwa akilingoja.

Njiani kwenda Houston aliimba karibu saa nne nzima. Nyimbo za kwao, sauti mbaya, mguu unapiga sakafu ya gari. Nilijaribu kuanza maneno mara tatu, na mara tatu nikaishia kuuliza kama ana kiu.

Ukumbini kulikuwa na chumba cha nyuma cha kupimia wapiganaji, na mpimaji alikuwa nesi mmoja, mama wa makamo. Nikajua ni Mkenya kabla hajasema. Akanitazama, akatabasamu.

"Brathe, unakaa kama mtu wa kwetu."

"Mombasa, dada."

"Ai! Mtu wa Coast, na anabebea Mjapani taulo!" Yeye alikuwa wa bara, ametoka zamu ya hospitali, Jumamosi akiitwa hapo kuangalia nani yuko sawa kupanda ulingoni. Mzee aliketi juu ya meza bila shati, akatutazama kwa furaha, akaniuliza kama ni ndugu yangu. Nikamwambia ndiyo, kwa namna fulani. Akamsalimu kwa kuinamisha kichwa.

Nesi akamfunga kitambaa cha presha mkononi, akaanza kupampu, na huku bado anatabasamu kama anayeniuliza habari za nyumbani akasema kwa Kiswahili, "Sikia. Nimemwambia afinye vidole zangu na hiyo mkono ya left. Anaangalia kwanza na macho ndio ajue kama amefinya. Hiyo mkono iko na shida? Niambie ukweli, usinichezee. Mtu ataenda kubebwa juu hapo."

Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, nilifunzwa hivyo tangu mdogo. Mzee alikuwa akinitazama. Alikuwa anacheka, amefurahi kwamba nimepata mtu wa kuzungumza naye lugha yangu.

"Haushiki," nikasema. "Wala hausikii kitu. Wiki mbili sasa."

Nesi hakupepesa jicho. Akafungua kitambaa, akamgeukia Mzee, akamwambia kwa Kiingereza, taratibu, kwamba presha iko juu na leo hawezi kumruhusu. Niliiona ile namba. Ilikuwa imepanda kidogo tu, kama yangu nikiona gari la polisi nyuma yangu. Mzee aliomba apimwe tena. Akakataliwa. Mwenzake akaitwa, kipara, meno ya mbele hana, na aliposikia akasema hapigani na mtu mwingine yeyote. Atarudi kwao angoje presha ishuke. Wakainamiana, wakashikana mabega, wakakaa hivyo mpaka nikatoka nje.

Nesi akanifuata mlangoni. "Ningesema ni mkono, promota angeambia wengine wote, na hatawahi panda ring tena. Mimi nimemsitiri. Lakini hiyo ganzi inatoka kwa shingo, lazima aangaliwe. Umwambie wewe. Wewe ndiye rafiki yake."

"Nitamwambia," nikasema, na nilikuwa nakusudia kweli.

Sikumwambia njiani. Sikumwambia Jumatatu. Na Mzee, mtu aliyezoea kutii mazoezi, akaanza kupigana na presha. Aliacha chumvi. Akaacha ile sosi yake nyeusi, akawa anakula wali mweupe kavu kama mtu aliyelazwa. Lifti akaisusa, anapanda ngazi mpaka ghorofa ya kumi na mbili, jasho linamtiririka, akinikuta juu ananiuliza kama presha hushuka haraka kwa mtu wa umri wake. Nilimjibu kwamba watu hutofautiana. Nilijichukia, wallahi. Hata hotipoti langu nilianza kulifungulia mbali, nisimtamanishe samaki wa chumvi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikwenda wiki tatu, na kila siku nikitazama ule mkono wa kushoto ukishika vitu kwa msaada wa macho.

Asubuhi moja, saa moja hivi, nilimkuta stoo na mashine ya presha aliyoinunua. Alinionyesha kioo chake kama mtoto aliyefaulu mtihani. "Mia moja ishirini! Jana, leo, juzi, kila siku!" Na simu ilikuwa tayari kwenye kiganja kingine. Kwao ilikuwa usiku, mwenzake ameshakula. Alitaka kumpigia dakika ile ile amwambie akate tiketi.

"Mzee, subiri," nikasema. "Presha haikuwa shida. Ni mkono. Nesi aliniuliza, nikamwambia."

Nikaendelea kwa sababu nikisimama nisingeweza tena. Nikamwambia kuhusu chupa ya maji, nilivyouminya mkono mara mbili. Nikamwambia kuhusu shingo, kwamba lazima aende hospitali, kwamba nilipaswa kumwambia siku ile ile nami nikaogopa.

"Ulimwambia lini?" akauliza.

"Pale pale. Ulipokuwa juu ya meza."

"Mbele yangu?"

"Mbele yako."

"Nilikuwa nacheka," akasema.

"Ulikuwa unacheka, Mzee."

Nilitamani anitukane. Ningeweza kustahimili anipige, na kwa kupiga alikuwa na sifa zote. Aliketi juu ya ndoo, akaiweka ile mashine chini kati ya miguu yake, akakaa muda anaufungua na kuufumba mkono wa kushoto huku anautazama. Alijua. Nadhani alijua tangu ile tyubu, na presha ilikuwa imempa kitu cha kupigana nacho. Kisha akapiga simu.

Niliinuka nitoke, akanionyesha ishara nikae. Akaongea Kijapani. Sikuelewa hata neno. Sauti yake ilikuwa ya uchangamfu, sauti ya mtu anayesimulia kichekesho, na upande wa pili nikamsikia mwenzake akicheka, halafu akinyamaza, halafu akinyamaza sana. Mzee aliendelea, macho yake kwangu muda wote, tabasamu usoni, na machozi yanashuka kwenye mashavu yake bila sauti kubadilika. Huenda alikuwa ananisema mimi. Huenda hakunitaja kabisa. Nilikaa pale na uso wa kijinga, natabasamu kwa sababu yeye anatabasamu, na nikaona aibu ambayo sijapata kuiona maishani mwangu.

Akakata simu. Akajifuta uso kwa ule mkono mzima.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza, maana hata pale sikuweza kujizuia.

"Nimemwambia presha imekataa kushuka," akasema. "Asikate tiketi."